Kifaa cha Nne

“Na usimwambie baba yako kwamba hiyo programu itaonyesha yuko wapi,” mama alisema, pini tatu zimebanwa midomoni. “Ukimwambia tu, umeharibu.”

Vidole vya binti vilikuwa juu ya kibodi. Juu ya kabati la nguo, kompyuta kuukuu aliyoigeuza seva ya nyumbani ilikoroma kwa feni yake. Humo ndimo zilimokaa picha zote za familia, tangu harusi ya wazazi wake hadi mahafali ya kaka yake. Baba mwenyewe ndiye aliyeomba atengenezewe njia ya kuziona akiwa huko ng'ambo. Aliomba kwa upole, kama mgeni anayeomba maji ya kunywa.

Miaka miwili sasa tangu aende kutafuta kazi. Mwaka wa kwanza alipiga simu za video mpaka mama akawa anajificha siku ambazo hajasuka. Miezi mitano hii ya mwisho ni sauti tu. Kamera imeharibika, alisema. Mama alikwisha kupata jibu lake: huko kuna mwanamke. Na leo saa kumi alasiri mjomba angekuja kusikia neno moja kutoka kwa dada yake, kama ndoa ipo au haipo.

“Hiyo njia haiingii kila mtu?” mama aliuliza, akirudi kwenye cherehani.

“Haiingii. Ni vifaa nilivyovialika tu. Ona.” Binti alimgeuzia kioo cha kompyuta yake. “Kompyuta yangu na simu yako zimeandikwa ‘nyumbani’, kwa sababu zinashika waifai yetu. Kaka yuko kazini, kwa hiyo simu yake imeandikwa ‘nje’, na jina la mji.”

“Waifai hii hii isiyofika hata dukani kwa jirani?”

“Hiyo hiyo aliyotuwekea Baba.”

Mama alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. Kilikuwa kimemshika tangu Alhamisi na hakikutaka kumwachia.

Saa tisa na nusu binti alipiga simu, akaweka spika. Baba alipokea kabla haijaita mara ya pili.

“Injinia wangu! Huku ni usiku, lakini kwa ajili yako naamka.”

“Nimekutumia msimbo, Baba. Fungua ile programu, uuingize, halafu ubonyeze ‘kubali’.”

“Ngoja nivae miwani.” Alisikika akiitafuta. “Mama yako anaendeleaje na kile kikohozi?”

Mama aliacha kukanyaga cherehani. Binti aliziba simu kwa kiganja.

“Ulimwambia?”

“Mimi? Wiki nzima sijaongea naye,” mama alinong'ona. “Ni shangazi yako huyo. Mdomo wake hauna breki.”

“Anaendelea vizuri, Baba,” binti alisema kwenye simu, na akajiona msaliti. Alimpenda sana baba yake, na hapo alikuwa anamtegea mtego mchana kweupe.

“Nimeingiza huo msimbo. Sasa nikibonyeza nitaona nini?”

“Picha zote. Na kamera ya barazani pia.”

Baba alishusha pumzi. “Hamjui ninavyotamani kuwaona,” alisema.

Mama alikuwa amekwisha kuja kusimama nyuma ya kiti. Mkono wake ulimbana binti begani mpaka pakauma. Nje, mjomba alipiga honi getini, kabla ya saa yake kama kawaida yake. Hakuna aliyekwenda kumfungulia.

“Bonyeza, Baba.”

“Nimebonyeza,” baba alisema, akakata simu.

Mstari wa nne ulitokea kwenye kioo. Binti aliusoma. Alifunga ukurasa, akaufungua upya, akausoma tena taratibu, neno baada ya neno.

“Mji gani?” mama aliuliza kwa sauti ndogo. “Niambie tu, mwanangu. Nimeshajiandaa.”

Honi ililia tena. Binti alisogeza kiti pembeni ili mama ajisomee mwenyewe.

Simu ya Baba: nyumbani.