Swali Lililongoja

Sikudhani, karani wa kliniki ya macho, alishazoea kujibu kabla hajaulizwa. Mgonjwa akishapasuliwa, alibonyeza kitufe cha kumtoa kwenye orodha ya wanaosubiri, kisha papo hapo N ya ndiyo, huku akimtazama mtu mwingine dirishani.

Asubuhi moja, alipokwisha kubonyeza kitufe cha kumtoa mgonjwa, kompyuta ilikwama. Akabonyeza N tena na tena, mara tano, kwa hasira. Skrini nyeusi ilipozinduka, maandishi ya kijani yaliuliza: Nifute majina yote 212? N/H.

Alikuwa amekosea kitufe: badala ya kumtoa mgonjwa mmoja, alikuwa ameagiza orodha nzima ifutwe. Akaharakisha kuitazama orodha.

Lakini majina yote yalikuwepo. Kishale kiliwaka na kuzimika kando ya swali, kikimngoja.

Akampigia simu Nassoro, fundi aliyeitunga programu ile. "Kaka, nimejibu ndiyo mara tano. Mbona haijafuta?"

"Chochote kinachobonyezwa kabla ya swali kutokea nakitupa, dada," Nassoro alisema. "Ni mstari mmoja tu nimeuandika. Nataka mtu asome kwanza."

Dirishani mzee Mshote, aliyesubiri upasuaji mwaka mzima, aliuliza kama alivyouliza kila wiki: "Mwanangu, jina langu bado lipo?"

"Lipo, baba," alisema Sikudhani, akashusha pumzi.

Akaweka kidole juu ya H ya hapana, asibonyeze. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alilisoma swali lile mwanzo hadi mwisho, polepole, midomo ikimcheza kama anayesoma barua iliyotoka mbali.