Kiatu cha Kushoto

Kwenye chumba cha kubadilishia, Shiku alininyooshea mguu wa kushoto kwanza, kama kawaida. Tangu aanze kuteleza kwenye barafu akiwa na miaka sita, viatu vyake namfunga mimi. Sasa ni bingwa wa taifa mara mbili, na bado hataki mtu mwingine aguse kamba zake.

Niliposhusha soksi niliona kifundo kimefura, ngozi imevutika hadi inang'aa.

"Ni kitu kidogo, Mum. We kaza tu."

Mimi ni nesi. Miaka kumi na minane nimewageuza wazee vitandani huko Lanham, Marekani, na vidole vyangu vinaujua mfupa uliopasuka. Nikabonyeza penye uvimbe, kwa nguvu.

Hakushtuka. Aliendelea kutafuna chingamu, akitazama saa ya ukutani.

Nikabonyeza tena. Ndipo nikaona alama ya sindano, nyekundu, ya leo.

"Nani amekudunga ganzi?"

"Kocha anajua. Mum, please, ni dakika nne tu."

Spika ikaita kundi lake. Watu wakaanza kupiga makofi huko nje. Kiatu kilikuwa mapajani mwangu, na vidole, kwa mazoea tu, vilishaanza kulegeza kamba ili mguu uingie.

Nikainuka nacho. Nikakibana kwapani, nikasukuma mlango wa kuelekea maegesho, nikatembea haraka bila kugeuka.

Nyuma yangu nikasikia nyayo tupu zikinikimbilia sakafuni. Nikatega sikio. Miguu yote miwili ilikuwa ikikanyaga sawasawa, hata ule uliopasuka mfupa.