Mara Mia za Mugisho

Kwa heshima na taadhima, mimi, Bisimwa wa bweni la pili, natangaza kwamba si mwizi. Ni mdokozi tu.

Shuleni kwetu kila mtoto mkimbizi hupewa kisanduku chenye sauti moja ya nyumbani, inayofutika ikisikilizwa mara mia. Changu kina mvua juu ya bati, maana hapakuwa na mtu wa kuniita. Cha Mugisho kina mama yake: "Kuya kula, mwanangu, bugali inapoa!" Nikifumba macho, nasikia hata harufu ya moshi wa jikoni kwetu.

Leo matroni akanifumania na kisanduku chake sikioni.

"Mugisho yuko darasani. Nani ameitika, 'Nakuya, mama'?"

"Natania tu, matroni."

"Mwenzio hajakifungua hata siku moja, anaogopa sauti itaisha. Umesikiliza mara ngapi?"

Nikakiri: tisini na tisa.