Kijiko cha Kwanza

Alipokwenda kuchukua mnyama, aliuliza swali moja tu.

"Anatapika?"

Daktari wa mifugo alicheka. Chumba chake cha nyuma kilijaa wanyama waliotelekezwa na wenyewe: paka, mbwa wawili, kasuku asiye na mkia, na sungura wa kijivu aliyejikunja ndani ya boksi la sabuni. Watu wengine huuliza kama mnyama anauma, au ananuka, au anakula nini.

"Sungura hawezi kutapika, dada. Kikishapita kooni, kimepita."

"Basi nipe huyo."

Mtaani wakasema ni usafi umemzidi. Mwanamke anayedeki mara tatu kwa siku, angefuga paka wa kumchafulia zulia? Na wa kukaa naye alimhitaji kweli. Miezi mitano alikuwa mgonjwa, tumbo linakata, nywele zinabaki kwenye kitana, na kila hospitali wanamtoa damu hawaoni kitu. Mumewe alishinda kwenye duka lake la mbegu na dawa za wadudu. Dada yake aliyekuja kumuuguza naye alikuwa na kwake, ipo siku angerudi.

Lakini mume alikuwa mume. Kila asubuhi, kabla ya kwenda dukani, alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akapika uji mwenyewe, akamletea mkewe kitandani kwenye bakuli la bluu lenye mfuniko.

"Wa kwangu hata jiko linavyowashwa hajui," alisema jirani yao msusi, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio. "Ila huyu ameshazika wake wawili. Anajua thamani ya wa tatu."

Wiki ya kwanza sungura alikaa chini ya kabati. Mlango ukifunguliwa tu, anapiga mguu sakafuni, du! Yule mama hakumlazimisha. Alilala kifudifudi kwenye zulia, akangoja. Siku ya tisa sungura akatoka mwenyewe, akamnusa nywele, akamsugua kidevu kwenye kiwiko, kama sungura wanavyotia alama kwenye kitu chao.

"Umeshachukuliwa, mdogo wangu," dada yake akamwambia. "Sasa nani kamfuga nani?"

Alikuwa amekusudia kutompa jina. Mwezi haukuisha, akawa anamwita Mwenzangu.

Mchana Mwenzangu alikula nyasi zake kavu na majani. Lakini uji ukija asubuhi, kijiko cha kwanza kilikuwa chake. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akaweka mikono yake midogo kwenye goti la yule mama, akalamba. Kisha bakuli lilifunikwa tena, likangoja. Yule mama alisema anapenda uji uliopoa. Redio aliapa kuona kwa macho yake kwamba mkono unaoshika kile kijiko ulitetemeka kama wa bibi kizee.

"Ugonjwa haujamtoka yule," akatangaza.

Lakini ulikuwa unamtoka. Alinenepa. Nywele zikarudi. Mtaa mzima ukampa sifa sungura: kumbe dawa ilikuwa kupata wa kukaa naye! Siku nyingine, akimchana manyoya, alimwomba msamaha kwa sauti ya chini, na dada yake hakuelewa msamaha wa nini.

Jumamosi dada akafunga virago. "Umepona. Nikikaa zaidi, wanangu watanisahau sura."

Jumatatu uji ukaja kama kawaida. Mwenzangu akalamba kijiko mpaka kikang'aa, akamsugua kidevu mguuni, akaenda zake chini ya dirisha.

Saa tatu alikuwa amejikunja kwenye kona, anasaga meno. Sungura akiwa na raha husaga meno taratibu, huwezi kumsikia mpaka umsogeze sikioni. Huku kusaga kulisikika mpaka jikoni. Yule mama akamfunga kwenye taulo, akakimbia naye barabarani na ndala za bafuni.

Alimfia mapajani, kwenye benchi la daktari wa mifugo, wakiwa wa pili kwenye foleni.

Daktari alimpapasa tumbo, akatikisa kichwa. "Angekuwa paka angetapika. Labda angepona."

"Najua," alisema yule mama.

Adhuhuri nyumba ikajaa. Redio alifunga saluni akaja na wateja wake, mmoja kasukwa nusu kichwa. Walikuja nusu kumpa pole, nusu kucheka.

"Msiba wa sungura! Haya, maiti iko wapi tuage?"

Walipoyaona macho yake wakatafuta pa kukaa. Habari zikamfikia mume dukani, naye akaja mbio, jasho linamtoka.

"Pole, mke wangu. Tutakutafutia mwingine." Kisha akaliona bakuli la bluu mezani, mfuniko juu yake. "Na uji hujagusa mpaka saa hizi? Utaanguka."

"Nilikuwa namsubiri Mwenzangu."

Akafunua bakuli. Akapasua utandu kwa kijiko kilekile, akachota, akaenda kusimama mbele ya mumewe. Mkono haukutetemeka.

"Leo anza wewe."

Redio akapiga vigelegele. "Mapenzi hayo, jamani! Fungua mdomo, shemeji!" Wanawake wakadakia kwa makofi: fungua, fungua, fungua.

Kijiko kikafika midomoni. Makofi yakapungua, moja moja, mpaka yule aliyesukwa nusu kichwa akabaki anapiga peke yake, naye akaacha.

Mume hakufungua.