Lango Lisilo na Ukuta

Roho haikumtulia Nyamizi. Lango la chuo cha ufundi, kazi yake ya kwanza ya kuchomelea, lilikuwa limelala nyasini, na wenyeviti wa vijiji vitatu vilivyoungana kukijenga chuo walikuwa bado wakivutana lielekee kijiji kipi.

"Likitazama kijiji chenu, matofali ya ukuta kwetu hayatoki!" mmoja wao akamwambia mwenzake.

Nyamizi akanyakua sururu, akachimba pale pale aliposimama. Wanafunzi wenzake wakamsaidia kulisimamisha lango.

"Wewe binti, umelielekeza kwa nani?" akafoka Mzee Sombi, mwenyekiti wa kijiji cha kina Nyamizi.

"Piteni kwanza, baba zangu."

Kushoto nyasi, kulia nyasi, ukuta haujajengwa. Mzee Sombi angeweza kulizunguka. Akalisogelea, akavua kofia, akapiga hodi.

Upande wa pili, Nyamizi akashika komeo kumfungulia.