Ngumi za Mzee Kitwana

"Msimsumbue, bado hajaoga," alisema Tunu, lakini kaka zake wawili walikuwa wameshaketi kitandani kwa baba yao, na yule mkubwa, Shadhili, alikuwa ameshatoa hati ya nyumba na pedi ya wino.

"Tunataka dole gumba tu," alisema Shadhili. "Nyumba inakuwa yangu na Hemedi. Wewe utaendelea kumtunza baba humuhumu, hakuna anayekufukuza."

"Mwaka wa nne huu silali usingizi, kaka, leo ndiyo mnanikaribisha?"

Shadhili aliushika mkono wa mzee, akakuta dole gumba limejificha ndani ya ngumi. Tangu mzee apooze, ngumi zake zote mbili zilikaza hivyo. Wangekuja kumwona hata siku ya sikukuu wangejua. Shadhili akavuta, Hemedi akamsaidia, na Mzee Kitwana akagumia kwa maumivu.

"Mfungue wewe!" Hemedi akafoka. "Si wewe ndiye unayejua?"

Tunu akaleta beseni la maji ya uvuguvugu. Akaizamisha ngumi ya kulia, akaikanda kama kila asubuhi, kidole baada ya kidole, hadi kiganja kikafunguka. Shadhili akasogeza hati upesi.

Tunu akakikausha kile kiganja kwa upindo wa khanga yake, kisha akalaza kidole chake mwenyewe katikati. Taratibu, ngumi ya mzee ikakifunika na kukaza.

"Haya," akasema. "Vuteni."