Cheni ya Watu Wawili

Kwa ujuaji wake, mume alipaka cheni oili pikipiki ikiwa juu ya stendi, injini inanguruma na gia imeingia. Mkewe ndiye aliyebana klachi.

"Ukiachia tu, vidole vyangu kwisha," mume alimwonya.

"Mbona hukuikaza cheni vizuri? Imelegea."

"Hivyo ndivyo sawa. Uzito wa wawili huikaza, na huwa tunapanda wawili."

Kila mkewe akiomba lifti huambiwa cheni mbovu, aende kwa miguu. Akatazama kikanyagio cha abiria: mpira wake umelika hadi unang'aa.

"Wewe na nani?"

Mume akaganda, vidole katikati ya cheni na meno ya gurudumu. Klachi ikaanza kuteleza kwenye kiganja chenye jasho.

"Mke wangu, tafadhali..."

"Kumbe leo nimekuwa mke wako! Viache vidole hapo hapo, unijibu."